Nyumba Isiyo na Mlango: Tunavyomsingizia Kuku Makosa ya Mpishi

Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango.

Jibu unalo tangu utotoni: yai. Ila bibi zetu wanisamehe, nyumba hiyo ina milango, tena mingi. Ganda la yai la kuku lina vitundu kati ya 7,000 na 17,000, vidogo mno kwa jicho, na usiku na mchana unyevu na hewa ukaa vinatoka humo, hewa ya nje inaingia. Nimeanza hapo kwa sababu mengi tunayoyasema kuhusu mayai yanatokana na kutojua habari ya hivyo vitundu. Yaliyobaki yanatokana na kumlaumu kuku kwa jambo lililofanywa na moto.

"Kiini cha njano iliyokolea ndilo yai la kienyeji, na ndilo lenye lishe"

Dhana hii imewalipia watu kodi ya meza sokoni. Rangi ya kiini hutoka kwenye chakula cha kuku, basi. Akila majani mabichi, mahindi ya njano au majani ya lusina yaliyosagwa, kiini hukolea. Akila pumba na chenga za mahindi meupe, ambayo ndiyo mahindi yetu ya kila siku, kiini hupauka. Kwa hiyo kuku wa kienyeji anayeokota makombo ya ugali wakati wa kiangazi anaweza kutaga yai lenye kiini hafifu, na kuku wa kisasa ambaye mfugaji wake amechanganya rangi ya maua au ya pilipili nyekundu kwenye chakula akakupa kiini cha rangi ya embe bivu. Rangi imekolea, protini ni ileile.

Ganda nalo ni habari ya ukoo wa kuku. Leghorn hutaga meupe, Rhode Island Red hutaga ya kahawia, na Araucana wa kule Chile hutaga ya samawati. Anayekuambia ya kahawia yana nguvu zaidi anakuuzia rangi ya ukuta.

Na ladha je? Nakiri, nikiwa na hela nanunua ya kienyeji. Lakini siku moja nyumbani tulifungana vitambaa machoni, mayai ya aina zote mbili yakakaangwa kwenye kikaango kimoja, mafuta yale yale na chumvi ile ile. Watu wanne, majibu manne, na aliyepatia alikiri kwamba alibahatisha. Tulipofungua macho kila mtu akarudi kuwa mtaalamu.

"Ya kisasa yanatagwa kwa sindano za homoni"

Hebu mfikirie mtu anayezunguka bandani kuchoma sindano kuku elfu mbili, kila siku. Kuku wa mayai hutaga sana kwa sababu vizazi na vizazi vya mbegu yake vimechaguliwa kwa kazi hiyo, analishwa chakula chenye madini ya chokaa ya kutosha, na anapata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Hahitaji hata jogoo, ndiyo maana yai la trei hata likiatamiwa halitoi kifaranga. Lile doa la damu unaloliona mara moja moja si kifaranga kilichoanza. Ni mshipa mdogo uliopasuka ndani ya kuku wakati yai linatengenezwa. Uzi mweupe ulioshikamana na kiini nao si kitovu, ni kamba ya kukizuia kiini kisigonge ganda.

Jambo la kuuliza bandani ni jingine: antibayotiki. Kuku akitibiwa, kuna siku ambazo mayai yake hayapaswi kuuzwa mpaka dawa iishe mwilini. Hilo linategemea uaminifu wa mfugaji, na hapo maneno ya watu yana msingi.

"Yai la kuchemsha liwe la leo leo"

Mpe mtu yai lililotagwa asubuhi alichemshe, kisha mtazame akilimenya. Nusu ya ute unaondoka na ganda, linabaki yai lenye makovu kama mwezi. Hapo vitundu vyetu vinarudi. Yai bichi jipya lina hewa ukaa nyingi kwenye ute, na ute huo unang'ang'ania utando wa ndani ya ganda. Kadiri siku zinavyopita hewa ile inatoka, ute unapoteza uchachu, unaachia. Yai la wiki moja humenyeka vizuri kuliko la leo. Watu wa stendi wanaouza mayai ya kuchemsha kwa kachumbari, wale wanaolivua yai ganda kwa mikono miwili kabla hujamaliza kutafuta chenji, hawana uchawi wowote.

Chumvi kwenye maji haisaidii kumenya, ingawa kila mtu amefundishwa hivyo na mama yake. Inachosaidia ni kuugandisha haraka ute unaovuja yai likipata ufa. Ukitaka kumenya bila vita, tia mayai kwenye maji yanayochemka tayari, si ya baridi, kisha yatoe uyatumbukize kwenye maji baridi.

Na ile duara ya kijani kuzunguka kiini? Nimesikia watu wakisema ni sumu, wengine kwamba kuku alikula dawa. Kuku anasingiziwa. Moto ulizidi, salfa ya ute ikakutana na madini ya chuma ya kiini, wakaacha alama. Linalika, ila limekauka na lina harufu. Dakika 10 hadi 12 zinatosha kwa kiini kigumu, 6 au 7 kwa kiini laini. Isipokuwa uko Mbeya. Mji ule uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na mtu aliyezoea saa ya Dar es Salaam atakuta yai lake bado bichi katikati. Mwongezee dakika moja au mbili, asigombane na kuku wa Nyanda za Juu.

"Likielea, limeoza"

Linaelea kwa sababu ni la zamani: unyevu umetoka kwenye vitundu, mfuko wa hewa umekua. Uzee si uozo. Lipasue kwenye kibakuli cha pembeni unuse, pua haihitaji mafunzo kwa yai viza. Lakini lililozama nalo si lazima liwe salama, maana bakteria wa salmonela hawana uzito.

"Yai bichi lina nguvu zaidi"

Wanaume, tusikilizane. Kumeza yai bichi alfajiri, na asali au bila asali, ni kutupa karibu nusu ya ulicholipia. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998, wakakuta mwili ulifyonza asilimia kama 91 ya protini ya yai lililopikwa, na asilimia 51 tu ya lile bichi. Tena ute mbichi una kitu kinachoitwa avidini, ambacho hunasa vitamini ya bayotini na kuizuia isitumike. Moto ndio unaokivunja nguvu.

Wajawazito wao walinyimwa hata lililopikwa, eti mtoto atazaliwa na upara. Watoto walinyimwa wasije wakawa wezi. Na nani alibaki anakula mayai ya nyumba hiyo? Jibu mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wale vyakula vitokanavyo na wanyama kila siku, mayai yakiwemo. Mama mjamzito naye ale, mradi yameiva vizuri.

"Zege bila moto mkali na mafuta mengi si zege"

Zege, yaani chipsi mayai, ndipo ninapogombana na marafiki. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini kati ya 65 na 70. Mafuta ya chipsi yana joto la zaidi ya nyuzi 150. Yai likipigwa na joto hilo protini zake hujikaza, zinakamua maji, na unachopata ni kitu cha kutafuna kama ndala. Mkaangaji wa barabarani anatumia moto mkali kwa sababu ana foleni, si kwa sababu ladha inataka hivyo. Nyumbani huna foleni: chuja chipsi, zirudishe kwenye kikaango chenye kijiko kimoja cha mafuta, punguza moto, mimina mayai, funika. Chumvi uitie wakati wa kuyapiga. Kwamba chumvi ya mapema inayafanya mayai yawe magumu ni uzushi, hufanya kinyume chake.

Waganda wanalijua hili bila kuambiwa. Kimanda cha rolex ni chembamba, kinaiva haraka, na kabla hakijakauka chapati imeshawekwa juu yake, ikaviringishwa pamoja na nyanya na kabichi. Jina halihusiani na saa, ni maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yaliyotamkwa kwa haraka ya mwenye njaa.

Kuhusu kolesteroli nitapita mbio. Yai kubwa lina miligramu 186 hivi, na ini lako hutengeneza nyingi kuliko hizo. Mwongozo wa lishe wa Marekani uliacha kuweka kikomo cha miligramu 300 kwa siku tangu toleo lililoanza 2015. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake. Wengine tuyaangalie kwanza yale mafuta yaliyokaanga chipsi tangu juzi.

"Mkate wa mayai hauumuki bila hamira"

Mkate wa mayai wa Unguja wa zamani hauna hamira wala baking pauda. Ni mayai, sukari, unga na iliki, labda na ganda la ndimu la kuondoa shombo. Kinachouinua ni hewa. Mayai na sukari vinapigwa mpaka vinapauka, vinakuwa vizito, na ukiinua mwiko vinashuka kama utepe. Unga unatiwa mwisho, kwa kukunja taratibu, kwa sababu kila msukumo mkali unatoa hewa uliyoitolea jasho. Mayai yasiwe yametoka kwenye friji muda huo huo, ya baridi hayaumuki sana. Ukikutana na mkate uliolala, usiulize mayai yalikuwa ya kuku gani. Uliza nani alichoka kupiga.

Kwa bibi yangu tulipokezana, watoto watatu na bakuli moja. Yeye alikaa kwenye jiko la mkaa, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na alimpiga kofi la mkono yeyote aliyetaka kuchungulia kabla ya wakati. Kile kipande cha pembeni kilichoiva kikawa cha kahawia hakikugombaniwa. Kilikuwa cha aliyepiga mayai wa mwisho.