Kiuno Kinachouma Miezi Nenda Miezi Rudi: Chanzo Tunakitafutaje?

"Daktari, figo zinaniuma." Wengi wanaofika kliniki yetu hapa Tanga huanza hivyo, mkono umeshika kiunoni, juu kidogo ya makalio. Figo haziko hapo. Ziko juu zaidi, chini ya mbavu za mwisho, na zikishambuliwa na vijidudu mara nyingi homa na kutetemeka huandamana na maumivu. Mkono wa pili umebeba bahasha ya vyeti: "UTI sugu" (maambukizi ya njia ya mkojo), "PID sugu" (maambukizi ya viungo vya uzazi vya mwanamke), sindano za siku tano, vidonge vya siku kumi na nne. Dawa zimekwisha, maumivu yapo palepale.

Kiuno kikiuma zaidi ya miezi 3, au chini ya kitovu na nyonga kwa miezi 6, hayo ni maumivu sugu. Hapo kurudia antibayotiki bila kipimo hakusaidii. Na wanaodai picha kubwa moja kwa moja nawaomba subira: picha ya mgongo huonyesha pingili zilizolika hata kwa mtu asiyeumwa chochote, na ultrasaundi huweza kutoka safi ilhali mgonjwa anateseka kweli. Maswali kwanza.

Yanauma lini? Mwanamke anayeanza kuumwa siku chache kabla ya hedhi, maumivu yakashuka hadi mapajani, akaumia wakati wa tendo la ndoa au wakati wa haja kubwa akiwa hedhini, namfikiria endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi imeota nje yake. Huwapata takriban 1 kati ya wanawake 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka bila kujulikana. Kwetu pwani binti huambiwa ni chango, akizaa litakwisha. Jamani, hedhi inayomlaza binti kitandani kila mwezi akakosa shule inahitaji daktari. Mama, usimnyamazishe.

Umekulia wapi, na mlikuwa mkifua na kuoga maji gani? Aliyetoka vijiji vya mabwawa na vijito, tuseme Muheza au Pangani, namuuliza habari za kichocho. Minyoo yake huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, na mayai hukwama kwenye kibofu. Kwa wanawake hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Hapo huja maumivu ya nyonga, uchafu, na damu baada ya tendo la ndoa. Nyumba ngapi zimeingia fitina kwa kudhani ni ugonjwa wa zinaa! Mkojo wa kipimo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Hata yasipoonekana, bado kichocho kinaweza kuwepo.

Kazi yako ni ipi? Kuinama kutwa kwenye mkonge au kupara samaki huchosha misuli ya kiuno, na hilo huitikia mazoezi kuliko vidonge. Jiji letu pia ni la baiskeli: kiti chembamba kikibana neva iliyo katikati ya mapaja, huleta ganzi na maumivu yanayozidi ukikaa na kupoa ukisimama.

Jasho la usiku na kukonda hunifanya nitafute kifua kikuu cha uti wa mgongo. Homa za vipindi kwa mnywaji wa maziwa mabichi, brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Mwanaume mtu mzima anayekojoa kwa shida, tezi dume.

Kabla ya kuja, chukua daftari la shule. Kwa miezi miwili andika siku iliyouma, ulikuwa unafanya nini, na siku za hedhi kama unazipata. Njoo nalo, na ile bahasha ya vyeti.

Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukafunga, au miguu ikalegea, acha daftari. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.