Nani kakwambia nina furaha?

Nafundisha jografia sekondari hapa Tanga mjini, mwaka wa kumi na nne sasa, na karibu kila mwaka nawapandisha vijana wa kidato cha tatu Milima ya Usambara, kule juu kabisa upande wa Mtae, tunalala siku nne majumbani kwa watu. Wazazi na walimu wenzangu wananiuliza sana kuhusu usafiri, chakula, vibali na michango, hayo ntayaandika siku nyingine. Leo nataka niongelee kitu ambacho hakuna anayeniuliza, yaani kile wanachoandika wakishashuka, maana kwa jinsi nilivyoona mimi safari ya mafunzo inaiva au inaharibika pale kwenye daftari.

Mwaka wa kwanza nilikusanya insha 31 na zilikuwa kama zimeandikwa na mtu mmoja. Hali ya hewa nzuri, mandhari ya kuvutia, wenyeji ni maskini lakini wakarimu, maisha yao ni magumu ila wana furaha, tumejifunza kuridhika na tulivyo navyo. Nikawapa maksi nzuri tu. Mwaka uliofuata nikaona itakuwa heshima tuzibebe zile insha tukawasomee wenyeji wetu, basi jioni moja tukakaa jikoni kwa bibi mmoja, moto unawaka, binti mmoja akasoma ya kwake kwa sauti nzuri sana. Bibi akasikiliza mpaka mwisho alafu akamuuliza taratibu, "Mjukuu wangu, nani kakwambia nina furaha?"

Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anataka kujua kweli. Binti hakuwa na jibu na mimi mwalimu wake sikuwa nalo. Tukaja kuelewa baadae kwamba ile wiki tuliyolala kwake alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba kwenye baraza la kata, na kijana wake wa mwisho alikuwa Dar miezi hajapiga simu. Alicheka na sisi, akatutania na kutupikia kwa sababu sisi ni wageni na mgeni hapokelewi na uso wa kesi. Sisi tukaandika furaha.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ya kuwaandaa na namna ya kuwaandikisha, na nataka nieleze kwa urefu kidogo kwa sababu najua kuna walimu wengi wa Tanga, Muheza, Korogwe wanaopeleka vijana na wanaletewa insha zilezile.

Kwanza muelewe kinachompata mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, akipanda kule. Anatoka usawa wa bahari, joto la nyuzi 30, jasho, ameshapita Muheza, Segera, Korogwe, mkonge kushoto mkonge kulia, Mombo wananunua peasi na plamu dirishani, alafu kosta inakata kulia inaanza kona za Soni na kwenye kilomita kama 33 tu mko Lushoto, hapo bado safari, mnaendelea Magamba, Lukozi, Sunga. Joto linashuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hii wanaijua wote kwa kukariri, ila ukiwa kwenye mita zaidi ya 1,500 saa moja usiku na umevaa tisheti ndo inaingia mwilini kwamba zile ni nyuzi kumi zimeondoka. Mwili unashtuka, macho yanashtuka, na mtu aliyeshtuka anaandika maneno makubwa. Mandhari. Kuvutia. Simlaumu. Lakini neno "mandhari" linamuweka yeye pembeni kama mtu anayeangalia kalenda ukutani, na wale watu walioko kwenye shamba wanageuka kuwa sehemu ya kalenda.

Kwahiyo siku ya kwanza nawaacha washtuke. Nawapeleka ukingoni kwa Mtae, pale ardhi inapokatika ghafla na chini kabisa unaona tambarare ya Mkomazi, na ng'ambo Milima ya Pare, na nawaambia wageuke nyuma waangalie kijani tulikotoka alafu wageuke mbele waangalie ule ukavu. Upepo kutoka Bahari ya Hindi, yaani huu huu unaotupuliza Raskazone, ufukweni hapa Tanga, ukifika kwenye mlima unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaachia maji, na ukishavuka kushuka upande wa pili hauna kitu tena. Nimefundisha kivuli cha mvua ubaoni miaka na miaka, pale ukingoni hainichukui hata dakika tano na hakuna anayeuliza irudiwe.

Siku ya pili ndo kazi inaanza. Kila mwanafunzi anapewa mtu mmoja tu, na anamfuata tangu anaamka mpaka analala, anafanya anachofanya yeye. Kama ni mama anayepalilia karoti, anapalilia. Kama ni kijana anayebeba viroba vya viazi mpaka barabarani kwenye lori, anabeba, hata nusu kiroba. Na anaandika saa. Saa tu, hakuna maoni. Saa kumi na moja na nusu kawasha moto. Saa kumi na mbili na robo kaenda maji, karudi saa moja kasoro kumi. Kwenye lile daftari nimekataza maneno matano: maskini, tajiri, furaha, gumu, zuri. Wanalalamika sana, "Madamu sasa tutaandika nini?" Nawaambia andika alichoshika mkononi.

Kuna kijana mmoja alimfuata mkulima wa kabeji siku nzima, jioni akakaa na mimi amenuna, akaniambia mwalimu mimi kabeji nainunua soko la Mgandini kila siku kwa ajili ya genge la mama, leo nimeona bei ya shambani. Hakusema zaidi. Usiku akamuomba yule mkulima amhesabie kila mkono unaoshika ile kabeji mpaka inafika kwa mama yake, wakahesabu pamoja kwa kalamu, wa kuvuna, wa kubeba, dalali wa barabarani, mwenye lori, ushuru, dalali wa sokoni, na yule mzee akashangaa kusikia bei ya mwisho kwa sababu hajawahi kufika Mgandini. Ile ndo insha bora niliyowahi kusahihisha na ina neno "mimi" mara tatu tu.

Kitu cha tatu ninachodai ni sentensi inayoanza na "Nilidhani". Kila insha iwe nayo, na iwe ya kweli. Mfano ninaoupenda ni wa matuta. Vijana wangu wamesoma mmomonyoko wa udongo, wamekariri njia za kuuzuia, wanafika wanakuta kwenye baadhi ya mashamba yaliyosimama wima kabisa hakuna matuta, basi tayari wameandika wakulima hawana elimu. Nikawapeleka kwa mzee mmoja ambaye enzi za mkoloni alikuwa mtoto. Akawasimulia mama yake na wenzake walivyolazimishwa kuchimba matuta kwa jembe la mkono, anayekataa anashtakiwa, na mifugo ikazuiwa kulisha ovyo.

Hii ni historia ya kweli na inasomeka, Waingereza walianza mpango wao wa kuhifadhi udongo Mlalo, hukohuko milimani, mwaka 1946 alafu wakaupanua sehemu nyingine za Usambara, na hesabu yao ya udongo haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa unaondoka kweli. Walichokosa ni hesabu ya mikono. Kazi yote ile iliangukia wanawake juu ya kazi walizokuwa nazo, na watu waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa, wakagoma, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Ulipokuja mradi mwingine wa hifadhi ya udongo mwaka 1981, wa Tanzania na Ujerumani, ukahimiza kupanda mistari ya majani ya guatemala na miti. Majani yale yanashika udongo, na ng'ombe aliyefungiwa zizini anakatiwa anakula. Mkulima akiona faida mbili kwenye kazi moja anaifanya bila askari. Jioni ile yule binti aliyekuwa ameandika hawana elimu akafuta, akaandika, "Nilidhani hawajui matuta. Wanayajua kuliko mimi, wanajua na gharama yake." Sikuongeza neno.

Baada ya kushuka sikusanyi chochote kwa wiki mbili. Hili walimu wenzangu wanalipinga, wanasema watasahau, na ni kweli wanasahau, wanasahau baridi na picha walizopiga, ila kile kinachobaki kinakuwa kimeanza kugombana na maisha yao ya hapa mjini na hapo ndo wanakuwa na la kuandika. Alafu insha zinapanda basi kurudi kijijini, kila moja kwa mtu wake, na mwenye kutaka kurekebisha anarekebisha. Wengine wanajibu kwa sauti kwenye WhatsApp ya mjukuu. Bibi yetu wa jikoni ndo mkali kuliko wote, mwaka juzi alirudisha karatasi ikiwa na ujumbe kwamba kuni hakuzitoa msituni kama ilivyoandikwa, alizitoa kwenye miti yake mwenyewe aliyoipanda, na mtoto aandike upya. Kaandika upya. Kosa lile si dogo, kuni za msitu wa hifadhi zinamuingiza mtu kwenye matatizo.

Mwaka jana kwa mara ya kwanza tukageuza safari. Watoto wanane wa kule walishuka na mwalimu wao wakalala majumbani kwa wanafunzi wangu siku nne, masharti yaleyale, fuata mtu mmoja, andika saa, maneno matano marufuku. Walishangaa bahari kama wa kwangu walivyoshangaa ukingo, na walilalamika joto, mmoja akaandika kwamba miguu ilimuuma kwa kutembea mahali pasipo na mlima. Lakini mvua ilinyesha siku ya tatu, kubwa, na msichana wa miaka kumi na tano aliyekuwa Barabara ya 12 akasimama mlangoni kwa wenyeji wake akaangalia mtaa ukijaa, akaandika, "Nilidhani mjini maji yana njia. Hapa maji yakianguka hayajui pa kwenda."

Wanafunzi wangu walibishana nae, kisha wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mitaro ipo, mitaro imeziba, aliyeziba nani, ardhi iko chini kiasi gani kuliko bahari ikijaa. Masika ikianza nawatoa darasani na madaftari, kila mtu na kona yake ya mtaa, waandike saa.