Je, mtoto mkimbizi akifika mahali salama husahau yote?

Wengi huamini kwamba mtoto aliyekimbia vita, hasa akiwa mdogo, husahau upesi: akishapata usalama, shule na marafiki, basi yamekwisha. Imani hiyo haikuzuka bure, maana mtoto huyohuyo utamwona akicheza na kucheka.

Lakini hata mchezo wenyewe unafaa kutazamwa. Mtoto wa miaka 4 asiyeweza kusimulia yaliyompata huenda akayarudia kwa wanasesere: nyumba inaanguka, watu wanakimbia, kisha inaanguka tena. Mwingine aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya, au tumbo linamuuma kila asubuhi na daktari haoni ugonjwa. Wapo pia wanaonyamaza tu, na darasani husifiwa kwa utulivu.

Tena, si machungu yote yalibaki njiani. Kungoja vibali, kuhamishwa shule mara kwa mara, kubaguliwa, na kuishi na mzazi aliyelemewa na mawazo huendelea kumchosha mtoto katika nchi iliyompokea. Hata hivyo, si kila mtoto mkimbizi ni mgonjwa. Wengi hutengemaa wakipata mlezi wa karibu na maisha yasiyoyumbayumba.

Ukisoma dai lolote kuhusu watoto hawa, angalia nani aliulizwa. Mzazi huenda asijue huzuni anayofichwa na mwanawe. Angalia pia kama watoto walifuatiliwa kwa miaka au walipimwa mara moja tu walipofika. Kwa mtoto unayemlea, muulize mwalimu wake. Dalili zikidumu kwa wiki kadhaa na kumvurugia usingizi au masomo, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.