Je, wajua kwa nini timu huamka ikipata kocha mpya?

Timu ikifungwa mfululizo, kibarua cha kocha huota nyasi. Anakuja mwingine, timu inashinda mechi tatu nne, na mtaani hukumu inatoka: tatizo lilikuwa kocha. Hukumu hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro yenyewe huingia mpaka kwenye vikao vya bodi vinavyoamua nani akabidhiwe mikoba.

Kasoro iko kwenye wakati. Kocha hufukuzwa timu ikiwa imezama kuliko kawaida yake, na matokeo ya mpira yana uwezo ndani yake, yana bahati pia: shuti lililogonga mwamba, beki aliyeumia, penalti iliyonyimwa. Mfikirie tajiri wa boti ya uvuvi. Wiki nzima boti inarudi na samaki wa kuhesabu, anamtoa nahodha, anaweka mwingine. Wiki inayofuata matenga yanajaa. Nahodha mpya huenda ni hodari kweli, lakini huenda hata yule wa zamani, angeachwa, angerudi na mzigo wake wa siku zote. Tajiri hawabadilishi manahodha wiki nzuri. Kwa hiyo kila mgeni huanza kazi pale ambapo mambo yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda kuliko kushuka, na sifa zote anazibeba yeye.

Mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliipima hoja hii kwenye ligi kuu ya nchi yake, kuanzia 1986 hadi 2004. Uzuri wa kazi yake ni kwamba hakuzitazama timu zilizofukuza peke yake. Alizilinganisha na timu zilizoporomoka vivyo hivyo, lakini zikabaki na kocha wao. Makundi yote mawili yaliinuka, na kufukuza hakukuonyesha faida ya wazi. Hiyo ni ligi moja, tena ni wastani. Haisemi lolote kuhusu kocha mmoja mmoja.

Mfano ulio wazi ni wa Manchester United. Desemba 2018 ilimfuta kazi José Mourinho, ikampa Ole Gunnar Solskjær timu kwa muda. Mechi ya kwanza, 5-1 ugenini kwa Cardiff. Zikafuata Huddersfield, Bournemouth na Newcastle, na zote nne zilimaliza msimu nusu ya chini ya msimamo. Ugenini kwa Tottenham, United ilishinda 1-0, lakini David de Gea aliokoa mara 11. Paris, dhidi ya PSG kwenye Ligi ya Mabingwa, penalti ya dakika za nyongeza ndiyo iliyowavusha. Ushindi 14 katika mechi 19! Machi 28, 2019 akapewa mkataba wa miaka mitatu. Katika mechi 10 zilizobaki alishinda 2, na siku ya mwisho Cardiff hao hao, wakiwa wameshashuka daraja, wakaifunga United 2-0 Old Trafford.

Solskjær hakuwa kocha mbovu: misimu miwili iliyofuata alimaliza wa tatu, kisha wa pili. Ila zile mechi 19 hazikuwa kipimo chake. Bodi ilikuwa na mengine ya kutazama: ugumu wa wapinzani, nafasi ambazo timu ilitengeneza na ilizoruhusu, na kama uchezaji wenyewe umebadilika.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Thomas Tuchel alipoingia Chelsea Januari 2021, mechi yake ya kwanza, dhidi ya Wolves, iliisha 0-0. Anayehesabu mabao angesema hakuna jipya. Lakini tayari alikuwa amepanga mabeki watatu wa kati, na timu ikaumiliki mpira karibu muda wote. Katika mechi 7 za mtoano za Ligi ya Mabingwa, Chelsea iliruhusu mabao 2, na Mei ikalibeba kombe.