Shawshank ya kitabu na Shawshank ya filamu: dhana potofu na ukweli

Watu wengi wanaoizungumzia hadithi ya Andy Dufresne, mfanyakazi wa benki aliyefungwa maisha kwa mauaji ya mke wake na hawara wa mke huyo, wameijua kupitia filamu ya The Shawshank Redemption iliyoongozwa na Frank Darabont na kutoka mwaka 1994. Ni wachache waliowahi kuishika novela, yaani riwaya fupi, ya Stephen King, Rita Hayworth and Shawshank Redemption, iliyochapishwa mwaka 1982 ikiwa ya kwanza kati ya novela nne za kitabu Different Seasons. Kwa sababu hiyo filamu imegeuka kuwa kumbukumbu ya hadithi yenyewe, na mengi aliyoyabuni mwongozaji yanahesabiwa kuwa ya mwandishi. Hapa nayapitia madai ninayoyasikia mara kwa mara na kuyapima kwa yale yaliyomo katika kazi hizo mbili. Asiyetaka kuujua mwisho kabla ya kusoma au kutazama na aishie hapa.

Dhana: Ni kisa cha kweli, na gereza la Shawshank lipo.

Halipo. Shawshank ni gereza la kubuni ambalo King aliliweka katika jimbo la Maine, nyumbani kwake, na amelitaja katika kazi zake nyingine pia. Jengo la mawe tunaloliona kwenye filamu ni la kweli, lakini liko Mansfield katika jimbo la Ohio. Lilikuwa gereza la vijana wahalifu lililoanza kupokea wafungwa mwaka 1896 na kufungwa mwaka 1990, muda mfupi kabla ya Darabont kufika na kamera zake. Watalii wanaolitembelea leo wanaoneshwa ofisi ya mkuu wa gereza na mahali pa bomba la maji taka analotorokea Andy, na pengine hapo ndipo imani hii inapopata nguvu.

Dhana: Filamu iliifuata novela hatua kwa hatua, ikabadilisha vitu vidogo tu.

Dai hili lina ukweli wa kiasi fulani, ndiyo maana limedumu. Sauti ya Red, mfungwa mwenzake na rafiki wa Andy, inayosimulia imetoka kitabuni, na sentensi zake nyingi zimehamishwa karibu kama zilivyo. Tukio la wafungwa kunywa bia baridi juu ya paa walilokuwa wakilipaka lami, baada ya Andy kumshauri askari Hadley namna ya kuuepusha urithi wake na kodi, limo katika kazi zote mbili. Imo pia nyundo ndogo ya kuchongea mawe, yamo mabango ya waigizaji wa kike yanayofunika shimo ukutani, limo shamba la Buxton na jiwe lake jeusi lisilolingana na mawe mengine, ambalo chini yake Andy anamwachia Red barua.

Hata hivyo, vilivyobadilishwa si vidogo. Tuanze na mkuu wa gereza. Katika filamu ni mmoja, Samuel Norton, mtu wa Biblia mkononi na hongo mfukoni, na anatawala tangu siku Andy anapoingia mwaka 1947 hadi anapotoroka mwaka 1966. Katika novela Andy anaingia mwaka 1948 na kutoroka mwaka 1975, yaani miaka 27 badala ya 19, na ndani ya muda huo wakuu wa gereza wanapita mmoja baada ya mwingine. Yupo George Dunahy, anayepoteza cheo kwa biashara ya karakana ya magari aliyoiendesha ndani ya gereza. Yupo Greg Stammas, katili kuliko wote. Na Norton anakuja baadaye. Askari nao wanastaafu, wanaugua, wanahamishwa. Ufisadi unabaki palepale, kwa kuwa hauna makao katika moyo wa mtu mmoja, na kila anayekalia kile kiti anaukuta umeshaandaliwa na yeye anauendeleza kwa mtindo wake.

Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na nyingine nyingi zinatokana nayo. Mtazamaji wa saa mbili na dakika ishirini anahitaji adui mwenye uso, na Darabont alikuwa na sababu za kisanaa za kuwayeyusha wakuu wote katika mtu mmoja. Lakini ukishampata adui mmoja, unalazimika kumwadhibu. Filamu inafanya hivyo kwa ukamilifu: Andy anatoroka na fedha chafu za Norton, zaidi ya dola 370,000, alizokuwa amezificha chini ya jina la mtu asiyekuwepo, Randall Stephens; anapeleka ushahidi kwa gazeti; Hadley anatiwa pingu; Norton anajipiga risasi ofisini. Kila deni limelipwa.

Novela hailipi deni hata moja kwa namna hiyo. Fedha za Andy ni zake mwenyewe. Rafiki yake wa nje aitwaye Jim alimwandalia jina jingine, Peter Stevens, na kuwekeza kiasi cha dola 14,000 ambacho kilikua mwaka hadi mwaka mpaka kufikia zaidi ya 370,000 zile zile. Norton hapotezi hata senti kwa mkono wa Andy, na hakuna gazeti linalomfichua. Anajiuzulu miezi michache baada ya kutoroka kwa Andy, akiwa amevunjika, naye Hadley alikuwa ameondoka kazini zamani kwa maradhi ya moyo. Gereza linaendelea.

Kijana Tommy Williams, anayeleta habari kwamba muuaji halisi ni mtu mwingine, anauawa kwa risasi katika filamu kwa amri ya Norton, na tukio hilo linauchochea moyo wa mtazamaji kuliko jingine lolote. Katika novela hauawi. Anahamishiwa Cashman, gereza lenye ulinzi hafifu, penye masomo ya ufundi na ruhusa za kwenda kumwona mkewe na mtoto, na malipo ya neema hiyo ni kunyamaza kwake. Binafsi naiona njia ya King kuwa ya kutisha zaidi, kwa sababu hakuna damu iliyomwagika na hakuna wa kushtakiwa: kijana mwenye familia amepewa jambo jema, amelipokea, na ukweli umezikwa kwa hiari ya kila aliyehusika. Filamu isingeweza kulibeba hilo bila kumpunguzia mtazamaji hasira anayoihitaji kwa ajili ya mwisho wake.

Hata kipigo cha Bogs, kiongozi wa wafungwa waliokuwa wakimshambulia Andy, kimebadilishiwa maana. Kwenye filamu kinatolewa na Hadley baada ya Andy kuwa mtu wa manufaa kwa askari. Katika novela Red anaamini kwamba Andy mwenyewe alikilipia, kwa fedha alizoingiza gerezani zikiwa zimefichwa mwilini mwake. Andy wa kitabu ni mtu mwema, lakini ni mtu mwema anayejua bei ya kumvunja mwenzake mifupa.

Dhana: Red alibadilishwa rangi tu.

Red wa novela ni Mwairishi mwenye nywele nyekundu, na jina lake la utani linatokana na hilo. Kwa kumchagua Morgan Freeman, Darabont alimpata mwigizaji mwenye sauti ambayo filamu nzima inaiegemea, kisha akaacha sentensi moja ya kichekesho ambapo Red, alipoulizwa sababu ya jina lake, anajibu kwamba pengine ni kwa kuwa yeye ni Mwairishi. Asiyesoma kitabu hucheka kwa sababu moja; aliyesoma hucheka kwa sababu mbili.

Watu wanaishia kwenye rangi na kusahau kosa. Katika filamu Red anakiri kwamba ameua, na mbele ya bodi ya parole, yaani ya kuachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, anamzungumzia kijana mpumbavu aliyekuwa zamani, lakini hatuambiwi aliyeuawa ni nani wala ilikuwaje. King anatuambia mapema na bila kificho: Red alimkatia mke wake bima kubwa ya maisha, akaharibu breki za gari, na siku gari lilipokosa breki ndani yake alikuwemo pia mwanamke jirani na mtoto wake mdogo. Wote walikufa. Msomaji anaendelea na safari nzima akiwa na taarifa hiyo, akiongozwa na mtu mcheshi, mwerevu na mwaminifu kwa rafiki yake, ambaye kwa ajili ya fedha aliua watu watatu, mmoja wao mtoto. Filamu ilimwondolea mtazamaji mzigo huo. Sidhani kwamba ingependwa hivi ilivyopendwa kama isingeuondoa, na sisemi hivyo kwa kuilaumu.

Dhana: Mzee Brooks ni moyo wa kitabu.

Brooks Hatlen anayeachiwa huru akiwa mzee, anayeshindwa kuvuka barabara penye magari na hatimaye kujinyonga baada ya kuchonga jina lake kwenye boriti, ni kwa sehemu kubwa kazi ya Darabont na ya mwigizaji James Whitmore. Katika novela anachukua nafasi ndogo sana: alikuwa msimamizi wa maktaba, akatolewa kwa parole miaka ya mwanzo ya 1950, akafa katika makao ya wazee maskini. Hata ndege anayefugwa si wake. King anasimulia habari za mfungwa mwingine, Sherwood Bolton, aliyekuwa na njiwa aitwaye Jake, na filamu ikamfanya Jake kuwa kunguru wa Brooks.

Hapa filamu imeizidi novela. Hofu ya mtu aliyekaa kifungoni mpaka uhuru ukawa ugonjwa imo kitabuni, lakini King anaieleza zaidi kwa maneno ya Red. Darabont aliipa mwili, chumba na barua. Vivyo hivyo tukio la Andy kujifungia ofisini na kuwapigia wafungwa wote wimbo wa Mozart kutoka opera ya The Marriage of Figaro halimo kabisa katika novela. Wapo wanaoapa kwamba wamelisoma.

Dhana: Mkutano wa ufukweni ndio mwisho alioandika King.

King hakuandika mkutano wowote. Novela inamalizika Red akiwa ametoka gerezani mwaka 1977, ameipata barua na fedha chini ya jiwe la Buxton, amevunja masharti ya parole na yuko njiani kwenda mpakani. Anamaliza kwa kutaja mambo anayoyatumaini, na msomaji hapewi habari kama alifika Zihuatanejo, mji wa pwani ya Mexico alikokwenda Andy, au alikamatwa. Mswada wa kwanza wa Darabont nao ulimwacha Red ndani ya basi. Watayarishaji wa kampuni ya filamu ya Castle Rock ndio waliotaka mtazamaji awaone marafiki hao wakikutana, na tukio hilo likapigwa katika kisiwa cha St. Croix, mbali na Mexico inayotajwa kwenye hadithi. Linapendeza, na linajibu swali ambalo King aliliacha wazi kwa makusudi.

Dhana: Filamu ilivuma tangu siku ya kwanza.

Ilianguka kwenye kumbi za sinema. Iligharimu takriban dola milioni 25, na katika mzunguko wake wa kwanza nchini Marekani ilikusanya kama milioni 16 tu, kabla ya uteuzi katika vipengele saba vya tuzo za Oscar kuirudisha sokoni. Haikupata hata tuzo moja. Mwaka huo ulikuwa wa filamu ya Forrest Gump. Kanda za video za kukodi na marudio ya televisheni ndiyo yaliyoijengea jina. King mwenyewe alikuwa amemuuzia Darabont haki za hadithi kwa dola 5,000, na hundi hiyo hakuwahi kuipeleka benki. Miaka mingi baadaye aliitia kwenye fremu na kumrudishia Darabont, pamoja na ujumbe wa utani kwamba ni fedha ya dhamana iwapo atatiwa ndani.

Dhana: Andy alisubiri tu shimo likamilike.

Hivi ndivyo filamu inavyotufanya tuelewe: mpango ulikuwa mmoja, usioyumba, na Andy aliondoka mara tu kila kitu kilipokuwa tayari na kifo cha Tommy kilipomaliza subira yake. Red wa novela anakaa chini baada ya kutoroka kwa rafiki yake na kupiga hesabu za vumbi la saruji, unene wa ukuta na miaka, na anafikia dhana nyingine. Anakisia kwamba Andy alikuwa ameshatoboa ukuta miaka mingi kabla ya usiku alioondoka, na kwamba kilichomzuia ni hofu. Huenda bomba la maji taka lilikuwa na wavu mwishoni. Huenda jiwe la Buxton lilikuwa limeondolewa na ufunguo wa kisanduku cha benki ulio chini yake umepotea, pamoja na Peter Stevens na fedha zake zote. Na huenda, baada ya kuijenga maktaba, kupata seli ya peke yake na kuwa mtu anayehitajiwa na wakubwa, Andy naye alikuwa ameanza kuzoea. Filamu ilimpa Brooks ugonjwa huo wote na kumwacha Andy mzima. King anauona hata ndani ya mtu mwenye nyundo mkononi na shimo wazi nyuma ya bango.