Usimpe Pumba: Kuwaokoa Farasi Waliodhoofishwa na Safari Ndefu

Mimi ni daktari wa mifugo mkoani Tabora, na kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi, mbwa na punda wa mikokoteni. Farasi huku ni mgeni. Huletwa na mpita njia, mara nyingi msafiri kutoka nchi za nje aliyeazimia kuvuka nusu ya Afrika akiwa juu ya tandiko, na inatokea kwamba baada ya msafiri wa aina hiyo kupita vijijini, mtendaji wa kijiji au mwalimu hunipigia simu kunieleza kuwa ameona farasi ambao mbavu zao zinahesabika ukiwa ng'ambo ya barabara. Ninaandika kuhusu kinachopaswa kufanyika baada ya simu hiyo, na hasa kuhusu siku kumi za mwanzo, kwa sababu farasi aliyenusurika barabarani anaweza kabisa kufia mikononi mwa watu waliomwonea huruma.

Kwanza ieleweke kwa nini safari inayowezekana kwingine huharibika ikifika kwetu. Sehemu kubwa ya mkoa huu ni misitu ya miombo, na miombo ni makazi ya ndorobo, nzi wafyonza damu ambao hueneza vimelea vya nagana, yaani malale ya wanyama. Punda wetu huumwa nagana, lakini mara nyingi huenda nayo polepole. Farasi akiambukizwa vimelea vya aina ya Trypanosoma brucei hudhoofu kwa kasi, huvimba miguu na chini ya tumbo, hupungukiwa damu na, asipotibiwa, hufa. Zaidi ya hapo kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Punda na pundamilia hubeba virusi hivyo karibu bila kuonyesha dalili, ilhali farasi asiye na kinga huwa katika hatari kubwa ya kufa. Haya si mageni. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilitegemea mabega ya wapagazi kuliko migongo ya wanyama, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone akiwa na farasi wawili, aliwapoteza wote wawili mwanzoni kabisa mwa safari, muda mrefu kabla ya kuiona Tabora. Alimpasua mmoja ili ajue kilichomuua, akakuta minyoo tumboni. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu inatukumbusha kutomsingizia ndorobo kila kifo kabla ya kuchunguza.

Hata hivyo, farasi wengi niliowaona hawakuanza kuharibika kwa ugonjwa. Walianza kuharibika kwa hesabu. Farasi anaweza kubeba takribani asilimia 20 ya uzito wake bila kuumia, na humo mnahesabiwa mpanda, tandiko, maji na mizigo yote. Farasi wa kilo 350 anaweza basi kubeba kilo 70. Akikonda hadi kilo 265, kiasi hicho kinashuka hadi kilo 53, ilhali mtu aliye mgongoni hajapungua, na tandiko lililomkaa vizuri wakati wa kuondoka sasa linagusa mifupa mahali ambapo zamani palikuwa na nyama. Hapo ndipo vidonda vinapoanza. Msafiri mwenye ratiba, mwenye viza inayokaribia kuisha na watu wanaomfuatilia kwa simu, huona kila siku mabadiliko madogo tu, na macho yake huyazoea. Sisemi hivyo ili kumtetea. Ninasema kwa sababu anayekwenda kumkabili akidhani atakutana na mtu katili mara nyingi hukutana na mtu aliyechoka, anayewapenda farasi wake na asiyetaka kuamini anachoambiwa.

Kwa hiyo ninafika na kamba ya kupimia. Uzito wa farasi hukadiriwa kwa kupima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, kuuzidisha kwa wenyewe, kisha kuzidisha kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya matako, na kugawanya kwa 11,880. Mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 140 vinatoa kilo 265. Kisha ninapapasa sehemu sita, yaani shingo, kinundu cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, mgongo na shina la mkia, na kumpa alama kwa kipimo cha Henneke, kilichochapishwa mwaka 1983, ambacho huanzia 1 kwa farasi aliyebaki mifupa na kuishia 9 kwa aliyenenepa kupita kiasi. Mkono ni lazima, kwa kuwa manyoya marefu hudanganya macho. Mapigo ya moyo wa farasi aliyepumzika ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, na joto lake halipaswi kuzidi nyuzi 38.5 hivi. Mapigo yakiwa 60 baada ya farasi kusimama kivulini muda mrefu, sihitaji kubishana na mtu yeyote kuhusu kama safari iendelee.

Vipimo hivyo ninaviandika na kupiga picha mbele ya msafiri, mtendaji wa kijiji na afisa mifugo wa kata. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inautaja ukatili na utelekezaji wa mnyama kuwa kosa, na inatambua wakaguzi wenye mamlaka ya kuchukua hatua. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 nayo inaturuhusu kuuliza vyeti vya afya na vibali vya kuhamisha mifugo. Raia mwema anayeona uchungu akawafungua farasi usiku na kuwaficha shambani kwake amefanya wizi, na kesi itakayofuata itamhusu yeye. Njia ninayoipendelea ni msafiri kusaini hati ya kukabidhi kwa hiari yake, na hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani, mradi aongeleshwe kwa heshima na aonyeshwe tarakimu badala ya kutukanwa.

Katika mazungumzo hayo huwa ninamtaja Aimé Tschiffely, mwalimu aliyezaliwa Uswisi, ambaye mwaka 1925 aliondoka Buenos Aires na farasi wawili wa aina ya Criollo, Mancha na Gato, akaingia Marekani mwaka 1928. Wasafiri wengi wa farasi wanalijua jina hilo. Wanachosahau ni kwamba Gato alipoumia nchini Mexico, Tschiffely alimwacha atunzwe, akaendelea na Mancha. Farasi wote wawili walirudi Argentina na kuishi hadi uzee, Gato akafa mwaka 1944 na Mancha mwaka 1947. Msafiri mmoja niliyekuwa nimebishana naye tangu asubuhi alinyamaza aliposikia hivyo, kisha akaniomba kalamu.

Sasa tufike kwenye pumba. Farasi akishakabidhiwa na kufungwa chini ya mwembe, kijiji chote hutaka kumlisha, na hakuna ubaya katika nia hiyo. Mzee mmoja alinifuata akiwa na ndoo iliyojaa pumba za mahindi, akaniambia, "Daktari, huyu anakufa kwa njaa na wewe unampimia majani kwenye mizani?" Nilimjibu, "Mzee wangu, shikamoo. Ndoo hiyo ndiyo itakayommaliza." Aliniangalia kama mtu aliyepoteza akili, na ninamwelewa, kwa kuwa mbuzi au mtu mwenye njaa tunajua tu kumpa chakula.

Sababu ni hii. Mnyama aliyekaa na njaa wiki nyingi huwa ameacha kutumia sukari na anaishi kwa kuyeyusha mafuta na misuli yake mwenyewe. Wakati huo akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu mwilini huisha kidogokidogo, ingawa kiasi kilichomo katika damu kinaweza kuonekana cha kawaida. Ukimpa wanga kwa wingi, iwe pumba, mahindi au uji wa molasi, insulini, homoni inayoongoza matumizi ya sukari mwilini, hupanda ghafla, na insulini hiyo husukuma sukari ndani ya seli pamoja na madini hayo matatu, hivyo kiasi chake katika damu huporomoka. Bila fosfeti seli haziwezi kutengeneza nishati. Moyo hukosa mpangilio, misuli ya kupumulia hulegea, na farasi aliyeonekana kuchangamka baada ya mlo wa kwanza hufa ndani ya siku chache, wakati kila mtu ameshaanza kupongezana. Pumba nyingi kwa mpigo zinaweza pia kuleta msokoto wa tumbo au kuvimba kwa tishu za ndani ya kwato.

Utaratibu ninaoufuata ulitokana na utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako ilionekana kuwa majani makavu ya alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, yenye protini na madini mengi lakini wanga kidogo, ndiyo salama zaidi. Kwa farasi wa kilo 450 hivi, siku tatu za kwanza hupewa nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, yaani kilo 3 kwa siku. Kuanzia siku ya nne kiasi huongezwa polepole na idadi ya milo hupunguzwa, hadi siku ya sita anakula kilo 2 kila baada ya saa nane. Baada ya siku ya kumi anaachiwa ale majani kadiri apendavyo. Farasi wetu wa kilo 265 huanza na gramu 300 hivi kwa mlo, kiasi kinachotia aibu ukikibeba mbele ya watu. Maji safi yawepo wakati wote, nafaka zisubiri.

Alfalfa haipatikani kirahisi Tabora. Badala yake ninatumia majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri, ambayo wakulima wetu huyatupa au kuwapa mbuzi, nikichanganya na nyasi kavu, na ninalikunjua kila fungu kutafuta ukungu. Mahindi yenye ukungu ni hatari ya pekee kwa farasi na punda, kwa kuwa sumu ya fangasi aina ya Fusarium huozesha ubongo wao. Lukina, mti wa malisho ambao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huusifu kwa haki, ninaukataa kwa sababu una mimosini, sumu inayomfanya farasi anyonyoke manyoya ya shingo na mkia. Chakula cha kuku chenye dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, kisimkaribie kabisa, maana monensini, mojawapo ya dawa hizo, iliyo salama kwa kuku huharibu moyo wa farasi.

Dawa nazo zinahitaji subira. Damu huchukuliwa siku ya kwanza na kuangaliwa kwa darubini, na nagana ikionekana hutibiwa, ila kwa uzito uliopimwa, kwani farasi na punda huvumilia diminazini, dawa ya nagana, vibaya kuliko ng'ombe, na mtu anayekadiria kwa macho uzito wa farasi aliyekonda karibu daima huzidisha. Dawa ya minyoo ninaiahirisha hadi farasi awe anakula na kunya kawaida. Vidonda vya mgongo huoshwa kwa maji ya chumvi, huzuiwa nzi, na tandiko halirudi mgongoni hadi ngozi imefunga kabisa. Kwato hukatwa kidogo kidogo, si zote kwa siku moja.

Ikiwa katika msafara kuna punda wa mizigo, asisahauliwe kwa kuwa tu ni punda. Mwili wake hukabili njaa kwa kumwaga mafuta mengi ndani ya damu hadi ini na figo kushindwa kazi, na hali hiyo inaweza kumuua hata punda mnene aliyeacha kula kwa siku chache tu kwa sababu ya uchovu au kutenganishwa na mwenzake. Ndiyo maana sikubali watenganishwe, hata kama mmoja amekabidhiwa na mwingine bado anabishaniwa.

Kuna farasi wasioweza kuokolewa. Aliyepoteza karibu nusu ya uzito wake, aliyelala na hawezi kuinuka hata akisaidiwa na wanaume kadhaa, tena asiyetaka kula, ninashauri auawe bila maumivu, na ninalisema hilo mapema ili michango ya watu isiendelee kutumika kurefusha mateso yake.

Anayepona hawezi kubaki hapa. Hupata nafuu ndani ya wiki, lakini mwili hurudi baada ya miezi kadhaa, na miezi hiyo aipitie kwenye nyanda za juu zenye ndorobo wachache, kwa mtu anayefuga farasi na aliye tayari kumchanja. Huwa sitoi cheti cha safari kabla hajaweza kusimama siku nzima na kula bila kusaidiwa. Lori liwe na sakafu yenye mchanga na kuta za kumwegemeza, lisimame kila baada ya saa chache anyweshwe maji, na pembeni yake awepo mwenzake aliyesafiri naye. Gharama ya lori huandikwa katika hati ileile ya kukabidhi, na msafiri huilipa kabla ya kuondoka mkoani.