Ukata wa shirika unavyoingia chumba cha marubani

Watu wakisikia shirika la ndege lina madeni huniuliza swali moja: je, ndege zenu bado ni salama? Mawazoni mwao wanaona injini iliyochakaa ambayo hakuna aliyelipia matengenezo yake. Mimi ni nahodha wa Dash 8, ndege ya abiria ya propela mbili, hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika mashirika madogo ambayo pesa hazikuwahi kutosha. Katika mashirika hayo, ndege iliyokwisha sifa ya kuruka huegeshwa. Ukata hupitia mlango mwingine. Unaingia kidogo kidogo, kwa mambo ambayo kila moja linaruhusiwa na sheria, na hatari yake iko kwenye jumla. Mara nyingi hakuna fomu inayoijumlisha. Kazi hiyo ni ya nahodha.

Tuanze na pesa zenyewe. Tiketi ya Ukunda au ya Lodwar inauzwa kwa shilingi. Kodi anayodai mwenye ndege, akiba ya matengenezo inayohesabiwa kwa kila saa ya angani na kila kutua, spea, bima, mafunzo ya marubani, hivyo vyote ni dola. Januari 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imefika 160. Shirika lililouza viti vilevile kwa nauli ileile lilijikuta na dola pungufu kwa karibu robo, na hakuna mtu ndani yake aliyekosea lolote. Wanaopigania njia ya Mombasa walikuwa tayari wanashindana na treni ya SGR tangu Mei 2017.

Kisa cha Jetlink bado kinaniuma. Lilikuwa shirika la Kenya lenye ndege za jeti ndogo, na Juba ilikuwa njia yake nzuri. Januari 2012 Sudan Kusini ikafunga visima vyake vya mafuta, dola zikaadimika, na nauli zilizolipwa kule zikawa hazitoki. Novemba mwaka huohuo Jetlink ikasimamisha safari ikisema karibu dola milioni 2 zake zimekwama. Ndege zilikuwepo, abiria walikuwepo, pesa nazo zilikuwepo, ila upande usiofaa wa mpaka. Nalirudia hili kila ninaposikia mtu akisema shirika fulani lilikufa kwa uzembe tu.

Sasa tazama ukata ukifika Wilson asubuhi. Shirika linaloaminika hujaziwa mafuta kwa mkopo na kulipa baadaye. Likichelewesha malipo mara mbili tatu, muuzaji hubadilisha masharti: pesa kwanza. Basi gari la mafuta linasimama kando ya ndege bila kuunganisha mpira, abiria wanachungulia dirishani, nasi tunasubiri mtu wa uhasibu atume uthibitisho wa benki. Saa zinapita. Abiria anaona kuchelewa tu. Mimi naona hesabu yangu yote ikibadilika.

Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na njia zake za kurukia zina urefu wa kama kilomita moja na nusu. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi: mabawa yanabeba pungufu, propela zinavuta pungufu, na injini zenyewe hupoteza nguvu. Tena uzito ninaoruhusiwa kupaa nao haukadiriwi kwa injini mbili zikiwa nzima. Unakadiriwa kwa sharti kwamba injini moja ikizimika katika sekunde mbaya kuliko zote, ile iliyobaki iweze kutupandisha salama juu ya kila kilicho mbele yetu. Nyumba za Lang'ata na Kibera ziko palepale.

Saa moja asubuhi hesabu hiyo inakaa sawa. Saa saba mchana, kwa ndege ileile, lazima nipunguze kitu. Viwanja vingi vidogo vya kaskazini havina mafuta ya kutegemewa, kwa hiyo mafuta ya kurudi nayo lazima yatoke Nairobi, na hayo siyagusi. Kinachoshuka ni mizigo, na isipotosha, watu. Shirika lililokosa pesa za mafuta alfajiri linajikuta mchana likirudisha nauli, na kesho yake deni limeongezeka.

Kisha kuna MEL. Hii ni orodha inayosema ni kifaa kipi kinaweza kuharibika na ndege bado ikaruhusiwa kuruka, kwa masharti gani, na kwa siku ngapi kabla hakijatengenezwa. Hitilafu ya daraja B ina siku 3, C siku 10, D siku 120. Ni orodha iliyofikiriwa vizuri na kuruka kwa kuifuata si kosa. Tofauti ni namna inavyotumika. Shirika lenye uwezo huandika hitilafu jioni na kuifuta kesho yake, kwa kuwa spea iko stoo. Shirika lenye ukata hutumia siku zote kumi, kwa kuwa muuzaji wa ng'ambo hatumi kitu kabla ya kuona pesa. Dash 8 za aina ya 100, 200 na 300 zote zilikuwa zimeacha kuundwa kufikia 2009, kwa hiyo spea nyingine husakwa kwenye ndege zilizostaafu.

Ndipo ndege iliyoegeshwa inapoanza kuchomolewa vifaa. Inaruhusiwa, mradi kila kifaa kiwe na karatasi zake. Ila fundi anafanya kazi mara mbili, anafungua huku na kufunga kule, na ndege ile ya pembeni kila wiki inazidi kuwa mbali na siku ya kurudi angani. Nawaheshimu sana mafundi wetu wa Wilson. Nimewaona wakifanya kazi hiyo usiku, nao pia wakidai mishahara, na bado wakikataa kutia saini kitu kisichowaridhisha.

Ndege zikipungua, marubani hawapungui. Kanuni za kimataifa zinataka rubani awe amepaa na kutua walau mara 3 ndani ya siku 90, na apimwe ustadi mara 2 kwa mwaka, kipimo ambacho kwa kawaida hufanyika kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, huko ng'ambo na kulipiwa dola. Zamu zinagawanywa kama maji ya kiangazi. Unabaki na watu ambao leseni zao ni halali kabisa lakini mikono imepoa.

Haya, tujumlishe. Otopailoti imekufa, imeandikwa, inaruhusiwa: nitaongoza kwa mkono. Kifaa cha kuzuia magurudumu yasiteleze kwenye breki nacho hakifanyi kazi, kinaruhusiwa: nitahitaji njia ndefu zaidi. Rubani msaidizi ana wiki kadhaa hajaruka, lakini yumo ndani ya muda. Mafuta yalituchelewesha asubuhi, hivyo safari ya mwisho itakutana na mvua za alasiri. Mshahara wa mwezi uliopita haujaingia na usiku nimeuliza dari kuhusu karo. Mpelekee mkaguzi kila jambo peke yake, atalipitisha. Yote pamoja, ndani ya ndege moja, alasiri moja: siruki.

Mamlaka ya kukataa ninayo. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinampa rubani mkuu uamuzi wa mwisho. Tatizo ni bei ya kuutumia, hasa kwa kijana ambaye wazazi waliuza shamba ili apate leseni, kisha akatia saini bondi, yaani ahadi ya kulitumikia shirika kwa miaka kadhaa, kwa kuwa lilimlipia mafunzo ya kurusha aina ya ndege zake. Huyo anajua kwamba safari ikifutwa, mshahara unasogea mbali zaidi, na wenzake wanajua ni nani aliyeifuta. Kwa hiyo, kijana, kabla hujatia saini, tembea hadi hanga. Hesabu ndege zinazoruka na zilizoegeshwa, kisha uliza marubani ni wangapi. Soma bondi inasemaje kama shirika litaacha kukulipa. Kama haisemi kitu, dai iandikwe.

Nikiruka na rubani msaidizi, kila mmoja wetu hufanya jumla yake kivyake kabla hatujazungumza, na yeye ndiye huanza kusema, ili cheo changu kisimfunge mdomo. Jumla yake ikiwa nzito kuliko yangu, tunafuata yake, nami ndiye ninayepiga simu ofisini.